Damaris Syokau Musembi, Aliyekuwa Mwalimu Ndunge wa "Geti la Kijani"

Jumanne iliyopita, kwa kioski cha maji hapa Zombe, jirani mmoja alisema kwamba Damaris Syokau Musembi alifia hospitali ya wagonjwa wa akili, amefungwa mikono kwa kitanda, na kwamba familia inaficha. Mwenzake akamuuliza, "Wewe umejuaje?" Akajibu, "Si tulimwona sote kwa TV?"

Jirani huyo sitamtaja. Yuko hapa leo, na alituletea kuni za kupikia wageni bila kuombwa. Tunamshukuru. Lakini wasifu husomwa ili watu wajue marehemu alikuwa nani, kwa hivyo familia imekubali niandike mambo vile yalikuwa, hata yale tuliyoyanyamazia. Mimi ni Muthoki, mke wa mwanawe Mutiso. Nimeishi na marehemu boma moja miaka sita, na mengi ya haya alinisimulia mwenyewe akiwa anashona.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 huko Kathonzweni, Makueni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Nyamai Kilonzo na marehemu Mama Kanini. Siku hiyo mama yake alikuwa amepeleka mbaazi sokoni. Uchungu ulimshika njiani akirudi, akajifungua kwa nyumba ya mtu asiyemjua. Mzee Nyamai alikuwa akisema mpaka uzeeni kwamba mke wake alitoka na kikapu cha mbaazi akarudi na msichana, na kikapu hakikuonekana tena.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1980 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na kwao, na mwaka 1987 akafanya mtihani wa darasa la nane. Hakuendelea na sekondari kwa sababu kaka wawili walikuwa mbele yake. Walimu walimkumbuka kwa michezo ya kuigiza. Siku ya wazazi mwaka 1986 aliigiza mzee kipofu, amevaa koti la babake na fimbo mkononi. Mchezo ulipoisha, mke wa mwalimu mkuu, aliyekuwa mgeni pale, akamshika mkono akamwongoza mpaka penye chakula, akaomba kipofu aongezwe nyama. Syokau aliketi, akala macho yamefungwa. Mwalimu wake wa darasa akaja akamwambia, "Syokau, fungua macho, mchezo umeisha." Akajibu, "Mwalimu, ngoja nimalize nyama."

Mwaka 1989 na 1990 alisomea ushonaji katika chuo cha ufundi huko Wote, akabaki hapo akishona kwa baraza ya duka. Hapo ndipo alipokutana na Jonah Musembi wa Zombe, ambaye alikuwa ananunua mbuzi Mutomo na kuwapeleka soko la Mwingi, na siku hiyo alikuwa amekuja Wote kutafuta beberu wa mbegu. Yule beberu akampasua suruali kwa pembe. Jonah alisimama nyuma ya pazia nusu saa nzima akingoja ishonwe, na kwa sababu hakuwa na pa kwenda, wakaongea. Walifunga ndoa kanisani tarehe 17 Desemba 1994. Mungu akawajalia watoto wawili, Mutiso mwaka 1996 na Kanyiva mwaka 2004.

Kuanzia 1995 marehemu alishona hapa sokoni Zombe, mlango wa tatu kutoka kwa hoteli ya Bile. Wengi wenu mlivaa sare zake mkienda shule. Kola zake hazikukunjika, na pindo alikuwa anaacha refu, ili mtoto akirefuka mama asinunue nyingine. Kanisani alikuwa kiongozi wa akina mama, na ndiye alikuwa anafundisha wasichana wanaojiandaa kwa ndoa.

Sasa nije kwa ile TV.

Mwezi wa Oktoba 2016 walikuja watu wa kurekodi mchezo wa kuigiza wa Kikamba, wa kuonyeshwa na stesheni moja ya Nairobi. Mchezo uliitwa "Geti la Kijani." Ulikuwa unahusu hospitali ya wagonjwa wa akili, lakini haukurekodiwa hospitali. Ulirekodiwa kwa bweni kuukuu la shule iliyohama, nje kidogo ya mji wa Wote. Walipaka geti rangi ya kijani, wakapanga vitanda, wakatafuta fundi wa kushona magauni ya wagonjwa. Mtu aliyesoma na marehemu chuoni akamtaja. Akaitwa ashone magauni kumi na sita ya bluu, yale ya kufungwa kwa kamba mgongoni.

Kwa hivyo alienda huko kama fundi. Siku ya tatu, mwigizaji mkubwa kutoka Nairobi hakufika, na akasema kwa simu hatafika. Aliyekuwa anaongoza kazi ni kijana wa Kibwezi anayeitwa Mulei, na wenzake walimwita dairekta. Mulei alimkuta marehemu amevaa gauni moja, anajipima kama kamba zinafika, akamwambia, "Mama, hebu kaa hapo kwa kitanda. Niambie wewe si mgonjwa, unataka kwenda nyumbani."

Akauliza, "Nikuambie nikipiga kelele?"

"Vile wewe unaona."

Akakaa, akamwangalia, akasema polepole sana, "Daktari, mimi si mgonjwa. Nyumbani nimeacha vitabu vya watoto havijasahihishwa." Mulei akawaambia watu wa kamera, "Tumepata mtu wetu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Mwalimu Ndunge. Kwa wale hawakuona, Ndunge ni mwalimu ambaye mumewe amekufa, na mashemeji wanataka shamba, basi wanampeleka hospitali wakisema amerukwa na akili. Hana ugonjwa. Lakini kila akisema hana ugonjwa, daktari anaandika kwa faili kwamba mgonjwa bado hajakubali hali yake. Akilia, wanaandika. Akinyamaza, wanaandika. Hiyo ndiyo hadithi yote.

Marehemu alikuwa na namna yake ya kushika maneno. Aliazima cherehani ya yule mwenzake wa chuo, na kila jioni alikaa akashona mshono mmoja kwa mstari mmoja. Akikosea mstari, anafumua mshono na kuanza upya. Alirekodi wiki saba, kutoka tarehe 31 Oktoba mpaka 17 Desemba 2016. Wiki ya nne Mulei alimwomba anyolewe nywele kwa sababu hadithi ilitaka hivyo. Alipiga simu kwa mumewe kwanza. Mzee Jonah akamwambia, "Si zitaota?" Akanyolewa.

Alirudi Zombe akiwa na kilemba, na chini ya kilemba kichwa kitupu.

"Geti la Kijani" ilianza kuonyeshwa Jumapili tarehe 15 Januari 2017, saa kumi na moja jioni. Watu walijaa kwa hoteli ya Bile mpaka wengine wakasimama nje. Ile sehemu ya majina ya waigizaji stesheni ilikata, ikaweka matangazo. Hakukuwa na waigizaji ambao watu wanawajua. Walikuwa watu wa kawaida, wanaongea Kikamba chetu, na katikati yao Mama Mutiso wa hapa sokoni, amenyolewa, amevaa gauni la hospitali, anamwomba nesi amfungulie mlango.

Ndugu zangu, watu walihesabu wiki. Waliona hakuwa nyumbani wiki saba. Waliona amerudi bila nywele. Wakasema ile ya kushona magauni ilikuwa ya kuficha aibu. Bile ndiye peke yake aliyemsimamisha barabarani akamwambia, "Mama Mutiso, wewe unaigiza kushinda wote wa Nairobi. Wateja wangu wanaacha chai inapoa." Marehemu alicheka siku hiyo. Aliniambia ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno kuigiza tangu arudi.

Mchezo ulikuwa uwe na sehemu kumi na tatu. Zilitoka tisa tu. Sehemu ya tisa ilionyeshwa tarehe 12 Machi 2017. Ndunge ameambiwa ataenda nyumbani Ijumaa. Amekunja blanketi, amefunga mfuko wake, ameketi kwa benchi anaangalia geti. Nesi anapita, anamwambia, "Mwalimu, ni kesho." Hapo ikaishia. Jumapili iliyofuata wakaweka kipindi cha mapishi. Mulei alimpigia simu akasema stesheni imebadilisha mipango, na zile sehemu nne hazitarekodiwa tena. Kwa hivyo hakuna mtu aliyewahi kumwona Ndunge akitoka.

Baada ya hapo mateso yalianza, na yalikuwa madogo madogo, ya kila siku. Mama mmoja alikuja kuchukua sare, akasimama mlangoni, akauliza, "Mkasi unauweka wapi?" Watoto shuleni walimwita Kanyiva "Ndunge mdogo." Mtu akimwuliza marehemu kama yuko salama, ilibidi afikirie jibu. Akicheka sana, itasemwa. Akinuna, itasemwa. Siku moja nimekaa naye dukani, na hapo nilikuwa nimeolewa tayari, mbuzi akaingia akaanza kutafuna mkono wa shati la shule lililokuwa limebaki vifungo tu. Mtu yeyote angepiga nduru. Yeye alimwangalia yule mbuzi, akaangalia nje, akaona wanawake watatu wamesimama kwa mboga. Akamwambia mbuzi kwa sauti ya chini, "Basi kula." Nikamfukuza mimi. Akaniambia, "Asante. Wewe unaweza kupiga kelele."

Julai 2017 wazee wa kanisa walimwita. Wako hapa, nawaheshimu, na najua walitaka mema. Mzee Mulinge ndiye aliongea. Ninaandika vile marehemu alinisimulia, na Mzee Mulinge juzi ameniambia ni kweli.

"Dada Damaris, tunataka kufanya ibada ya shukrani, kwa vile Mungu amekuponya. Utoe ushuhuda, kisha urudi kwa kazi ya akina mama."

"Mzee, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naigiza."

Wazee wakaangaliana. Mzee Mulinge akasema kwa upole, "Dada, hata kule ndani ulikuwa unasema hivyo hivyo. Tulikusikia."

Marehemu aliniambia alitamani kuwaonyesha karatasi zake za maneno ya mchezo, lakini akaona wataziita za hospitali. Wakaamua kwamba mpaka atoe ushuhuda wa kupona, hataongoza akina mama wala kufundisha wasichana, na ataketi benchi la nyuma. Aliketi benchi hilo miaka miwili. Hakukosa Jumapili hata moja. Kilemba chake kilikuwa kimepigwa pasi kila mara.

Na mumewe? Baba Jonah ameniambia niandike hili pia. Alichoka kuulizwa sokoni Mwingi, akaanza kujibu, "Amepata nafuu." Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Marehemu alipojua, hakumfokea. Alimuuliza tu, "Nafuu ya nini, Jonah?" Baba anasema swali hilo hajawahi kulijibu, na anaomba msamaha mbele yenu.

Sasa nimefika mahali pagumu, kwa sababu pananihusu. Kwetu ni Mutomo. Tarehe 1 Juni 2019 Mutiso na wazee wa huku walileta mbuzi watatu wa ntheo, ili nijulikane kuwa nimeposwa. Mbuzi hao walifungwa nje ya boma kutoka asubuhi mpaka saa tisa. Hawakukaribishwa ndani. Habari ilikuwa imefika kwetu kabla yao. Baba yangu alisema, "Siwezi kupokea mbuzi wa nyumba yenye ugonjwa wa akili." Mutiso akasema mama yake hakuwa mgonjwa. Baba akamjibu, "Mtu akikataa kwamba aliugua, ugonjwa ukimrudia nani atajua? Angekubali na kushukuru Mungu, mimi ningefungua mlango." Mbuzi wakarudishwa Zombe. Wazazi wangu wako hapa chini ya hema. Nilimsomea baba kipande hiki jana, akasema nisiondoe neno.

Jumapili tarehe 18 Agosti 2019 marehemu alisimama kutoka benchi la nyuma, akatembea mpaka mbele ya kanisa, akashika kipaza sauti. Alisema, "Wapendwa, nilikuwa nimefungwa, akili yangu ikiwa mbali. Nilikuwa naita watu na hawanisikii. Leo nimesimama hapa." Kanisa lote lililia. Mzee Mulinge alilia. Mimi nilikuwa nimekuja na shangazi kusikia kwa masikio yetu, na mimi nililia, nikaenda nyumbani nikamwambia baba kwamba amepona kabisa. Tarehe 7 Septemba mbuzi wakapokelewa.

Nilikuwa nimeishi naye karibu mwaka ndipo nikajua. Tulikuwa tunakunja nguo. Nilimwambia ule ushuhuda wake ulinigusa sana. Akaendelea kukunja, akasema, "Ulikuwa wa sehemu ya sita ya mchezo. Nilibadilisha mahali pa kusema 'daktari' tu." Nilikaa chini. Akaniambia, "Usilie. Mutiso alikuwa ameacha kula. Ningefanya nini? Ukweli niliusema miaka miwili ukakataliwa. Nikaona nijaribu ule mwingine."

Nilimwuliza kama haogopi, kwa vile ilikuwa kanisani. Alisema, "Hiyo nimeongea na Mungu. Mimi na Yeye tulimalizana. Wanaosumbua ni watu."

Hivyo ndivyo nilivyoolewa. Ndoa yangu na watoto wangu vimesimama juu ya maneno ambayo mwanamke mzima alijisingizia. Alirudishwa kwa kazi ya akina mama, lakini kama mtu aliyepona, na mtu aliyepona huangaliwa. Walimwuliza kama amelala vizuri. Walimchunguza macho wakimsalimia. Kabla ya ushuhuda angalau alikuwa na neno lake la kukataa. Baada ya ushuhuda hata hilo hakuwa nalo, kwa sababu angesema, wangemwambia si ulikiri mwenyewe.

Binti yetu alipozaliwa tarehe 3 Mei 2021, alikuwa apewe jina la nyanya yake wa upande wa baba, kama kawaida yetu. Wanawake wawili walinijia faraghani wakasema nitafute jina lingine, jina hufuatwa na mambo yake. Marehemu alijua, wala sikumwambia. Alikuja na shali aliyoishona, akasimama mbali kidogo, akasema, "Muthoki, kama unaogopa, mwite la upande wa mama yako. Sitakasirika." Nilimweka mtoto mikononi mwake nikasema, "Huyu ni Syokau. Anakulilia." Alimbeba mpaka giza likaingia.

Ugonjwa ulianza Aprili mwaka huu wa 2025. Alikuwa anasikia maumivu chini ya mbavu, yanapita mpaka mgongoni. Chakula kikawa hakikai. Usingizi ukaisha kwa sababu ya maumivu. Watu waliposikia kwamba Mama Mutiso halali usiku, walisema ile kitu imerudi. Akina mama wakaja kuomba, mara tatu kwa wiki. Akaambiwa afunge siku tatu, na yeye hata bila kufunga alikuwa hali. Mahali tulipompeleka kwanza, tuliulizwa kama amewahi kuugua akili. Sisi familia tuliangaliana, tukasema ndiyo, kanisani alisema. Tukapewa dawa za usingizi. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi pale kwa kiti, anasema, "Tumbo. Ni tumbo langu." Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu na bado nikashika karatasi ya zile dawa. Nitalibeba.

Tarehe 2 Agosti, Sahara, mke wa Bile, alikuja dukani kuchukua pazia. Yeye si wa kanisa letu na hakujua maneno mengi yanayosemwa. Alimshika marehemu kidevu, akamgeuza kwa mwanga, akasema kwa ukali, "Nyinyi hamna macho? Mama huyu ni manjano kama embe! Mpelekeni hospitali leo, si kesho." Alifunga hoteli, Bile akatoa gari lao, tukafika Kitui mjini kabla ya jioni. Walimpiga picha ya tumbo. Ilikuwa kansa ya kongosho, imekaa, imefika kwa ini. Daktari alituuliza mbona tumechelewa.

Alilazwa wodi ya akina mama, kitanda cha kumi na moja, karibu na dirisha. Hakufungwa mikono. Mikono yake ilikuwa wazi, na kwa muda mwingi ilikuwa inashona: aliomba sindano, akawarekebishia wagonjwa wenzake magauni ambayo kamba zake zilikuwa zimekatika. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa kumi na mbili asubuhi, Kanyiva akiwa amemshika mguu na mimi kichwa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Akili yake ilikuwa timamu mpaka mwisho, na mwisho huo ulikuwa wa uchungu.

Marehemu ameacha mume, Jonah Musembi. Watoto wake, Mutiso na Kanyiva. Mimi mke wa mwanawe. Wajukuu wawili, Syokau na mdogo wake Nyamai, ambaye ana miezi saba na yuko mgongoni mwangu ninaposoma. Ndugu watatu walio hai huko Kathonzweni. Akina mama wa kanisa, na soko zima la Zombe ambalo bado limevaa kazi yake. Mungu ampe mapumziko ambayo sisi tulimnyima, mahali ambapo hakuna anayemchunguza macho.

Nimebaki na jambo moja. Jumapili tarehe 28 Septemba nilikuwa namlisha uji kule wodini. Alikula vijiko vitatu, akanisukuma mkono, akasema, "Utasoma wewe. Mutiso atalia, Kanyiva atawatukana watu."

Nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, hayo bado."

"Sikiliza, mwana wakwa. Usijaze karatasi na 'hakuwa mwendawazimu, hakuwa mwendawazimu.' Hiyo nimesema mimi miaka nane. Ukisema sana, watasema na wewe umeanza." Akacheka kidogo, ikamuuma, akangoja ipite.

"Sasa niseme nini?"

"Sema nilikuwa kazini. Mara mbili. Kwa TV mara moja, na kanisani mara moja. Wote waliniamini, Zombe nzima, mpaka Mutomo. Fundi mbaya hawezi hiyo." Alifumba macho nikadhani amelala. Kisha akafungua macho, akanishika mkono wenye kijiko. "Na ukimaliza kusoma, kabla hawajaniinua, waombe wanipigie makofi. Si ya kupona. Ya kazi. Na wakiogopa, Muthoki, anza wewe."